Kuchora ger kwa sanaa dhahania: mwongozo kamili, kuanzia fremu hadi vanishi

Mchoraji anayeanza "picha ya Mongolia" kwa kawaida huanza na farasi anayekimbia, mwanamume mwenye kofia ya manyoya, hema jeupe na mlima nyuma yake. Kisha huvuruga kingo kwa kisu na kuiita kazi dhahania. Kinachobaki ni kadi ya posta iliyomwagikiwa maji. Tatizo haliko mkononi, liko kwenye kitu alichoanza nacho. Wafugaji wa Mongolia wana vitu ambavyo tayari ni dhahania, na ndivyo vya kuanzia: feluti (kitambaa kizito cha sufu iliyoshikamanishwa bila kufumwa) isiyo na picha yoyote, chapa ya farasi yenye mistari michache tu, duara la juu ya paa, rangi ya anga.

Mwongozo huu unajenga picha moja ya sentimita 100 kwa 70, kwa akriliki na kipande cha feluti. Mada yake ni mwanga unaoingia kupitia toono, yaani duara la mbao lililo kileleni mwa ger, hema la duara la Wamongolia. Tenga wiki mbili za kazi, mbali na siku 14 za feluti kukaa kwenye friza, kisha mwezi wa kuacha ikauke. Ukiielewa mbinu, utaweza kuihamishia kwenye vitu vingine.

Kabla ya rangi: chagua kitu kimoja na kijue kinavyofanya kazi

Kanuni ni kitu kimoja cha msingi na kimoja cha kukisindikiza, basi. Ukiweka toono, farasi, fundo la ulzii (fundo lisilo na mwisho), upinde na maandishi ya wima ya Kimongolia kwenye kanvasi moja, unakuwa umepanga bidhaa za duka la watalii. Hapa msingi ni mwanga wa toono, na feluti inausindikiza.

Sasa kijue hicho kitu. Ger hujengwa kwa kuta za mbao zilizosukwa kama wavu, ziitwazo khana. Juu yake hukaa miti ya paa, uni, inayotoka ukutani na kukutana kwenye toono, na nguzo mbili hulishikilia toono katikati. Mlango hutazama kusini. Kwa hiyo asubuhi jua likiwa chini mashariki, mwanga unaopita kwenye toono huangukia juu upande wa magharibi, kwenye miti ya paa. Jua likipanda, doa hilo la mwanga huteremka, na mchana hufika chini kabisa, upande wa kaskazini, ambako huketishwa wageni wa heshima. Jioni hupanda tena upande wa mashariki. Wafugaji wamesoma saa kwa njia hiyo tangu zamani.

Tazama umbo lililojichora lenyewe: ukisimama mlangoni ukitazama kaskazini, mwanga huanza juu kushoto, hushuka katikati na kupanda kulia. Huo ndio mkunjo wa picha yetu. Hatukuutunga, tumeukuta. Mtu anayefahamu ger atausoma bila kuambiwa, na asiyeifahamu atauona tu mwendo.

Kwa jicho, tafuta picha za mawe ya kulungu ya Enzi ya Shaba, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Kulungu wamechongwa na midomo kama ya ndege, pembe zikitiririka mgongoni, na miili yao inazunguka kona za jiwe bila kujali upande unaishia wapi. Tazama pia kazi ya mchoraji wa Kimongolia Marzan Sharav (1869–1939) iitwayo "Siku Moja Mongolia", iliyoko Jumba la Makumbusho la Zanabazar mjini Ulaanbaatar. Si dhahania hata kidogo, lakini haina mahali pamoja pa kutazamia. Matukio mengi yamesambazwa kwenye uso mmoja tambarare, bila vivuli, na jicho linatangatanga kama mtu aliye safarini. Katika wachoraji wa sasa, Otgonbayar Ershuu, anayeishi Berlin, hujaza wanyama kwenye uso wa kanvasi mpaka wanageuka kuwa mfumo wa mistari na rangi.

Vifaa

Kanvasi ya pamba nzito, ikatwe sentimita 112 kwa 82 ili ibaki sentimita 6 za kukunja kila upande. Fremu ya mbao kavu yenye unene wa sentimita 4, na ubao mmoja wa kukatiza katikati. Mwambie fundi seremala alaze kidogo kingo za ndani za fremu, la sivyo mbao itaacha alama ya mstari mbele ya picha kila unapokandamiza brashi.

Jeso nyeupe ya akriliki (rangi ya msingi ya kuandalia kanvasi) nusu lita. Midiamu ya akriliki isiyong'aa (ule ute mweupe usiotiwa chembe za rangi, unaokauka ukawa wazi) nusu lita. Jeli nzito ya akriliki nusu lita. Rangi chagua kwa namba ya chembe za rangi iliyoandikwa kwenye tyubu, kwa kuwa majina hubadilika kiwanda hadi kiwanda: nyeupe PW6 mililita 120, buluu ya ultramarini PB29, okra ya njano (rangi ya udongo) PY43 na kahawia PBr7, kila moja mililita 60, buluu ya thalo PB15:3 na nyekundu ya udongo PR101, mililita 20 kila moja zinatosha. Usinunue nyeusi. Ultramarini na kahawia kwa kiasi sawa hutoa giza lenye uhai, kama moshi wa jiko uliogandia kwenye miti ya paa, ilhali nyeusi ya tyubu hutoa tundu. Kijani cha tyubu nacho kiache dukani. Nyika ya Mongolia ni kijani kwa muda mfupi wa majira ya joto tu, na hata hapo ni kijani cha vumbi.

Ongeza brashi pana ya sentimita 7, brashi laini ya sentimita 3, kisu cha rangi, msasa namba 220, vipande vya kadi ngumu, na fungu la katani lenye urefu wa sentimita 15 lililofungwa kwenye kijiti. Wamongolia hutumia singa za farasi kwa kamba na kwa nyuzi za fidla yao, morin khuur. Katani inafanya kazi hiyo hiyo ya mistari mikavu, nayo haitakusumbua kuipata.

Rangi ya ukutani haifai. Ina gundi kidogo na unga mwingi wa kujaza, na kwenye kanvasi inayonepa hupasuka. Gundi nyeupe ya mbao nayo usiitumie badala ya midiamu, kwa sababu nyingi hugeuka njano na kukakamaa.

Kutengeneza feluti

Feluti ya dukani mara nyingi ni ya plastiki. Ipime kwa kuchoma uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, plastiki huyeyuka ikawa kitone kigumu. Afadhali utengeneze mwenyewe, maana kingo za feluti ya mkono hazinyooki, na kingo hizo ndizo tunazozitaka.

Wamongolia hupiga sufu kwa fimbo, huitandaza juu ya feluti ya zamani iitwayo "feluti mama", huilowesha, huizungusha kwenye mti, kisha farasi au ngamia huiburuta nyikani mpaka ishikamane. Kwenye meza, chukua gramu 60 za sufu iliyooshwa na kuchambuliwa. Itandaze kwa tabaka tatu nyembamba juu ya mkeka, eneo la sentimita 55 kwa 40, kila tabaka likikatiza lililo chini yake. Nyunyizia maji ya moto kiasi mkono unavyostahimili, yenye sabuni kidogo. Funika kwa chandarua, bonyeza kwa viganja dakika 10 bila kusugua, kisha viringisha na mkeka wake mara 100, geuza robo, viringisha tena, mpaka umalize pande zote nne. Itajikunja hadi karibu sentimita 40 kwa 30.

Jaribio: bana nyuzi mbili tatu za juu na uzivute. Zikitoka peke yake, endelea kuviringisha. Uso wote ukiinuka pamoja, imeiva. Matundu yakitokea, tabaka zilikuwa na sehemu nyembamba, na hakuna dawa isipokuwa kuongeza sufu ikiwa bado mbichi.

Suuza mpaka maji yatoke safi. Wengine humalizia na siki ili kuondoa sabuni, na si vibaya, mradi usuuze tena kwa maji matupu mara mbili. Ultramarini huchukia asidi, na siki iliyobaki kwenye sufu itaipausha polepole. Feluti ikikauka, itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na uiache kwenye friza siku 14. Hii ni kwa ajili ya nondo. Picha yenye sufu iliyoingia ukutani na mayai ya nondo ndani yake huanza kuliwa kabla hujapata mnunuzi.

Kuandaa uso

Wamba kanvasi ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Paka jeso tabaka tatu, kila moja karibu mililita 90. Tabaka la kwanza ongeza maji sehemu moja kwa nne za jeso, mengine yaende bila maji. Acha saa nne kati ya tabaka, na piga msasa kidogo baada ya la pili. Paka pia mbavu za fremu, kwa sababu picha itazunguka kona kama kulungu kwenye jiwe.

Siku inayofuata changanya okra vijiko viwili, kahawia kijiko kimoja na midiamu vijiko vinne, upake uso wote kwa brashi pana bila kujali michirizi. Hili ndilo joto la ndani ya hema, na litachungulia kila utakapokwangua.

Hapa watu huongeza maji mengi ili rangi ienee. Akriliki ikizidiwa na maji hupoteza gundi yake, na tabaka linalofuata huing'oa kama vumbi. Ikiwa inasuasua, ongeza midiamu.

Kupima mkunjo

Laza kanvasi mezani, na ubao juu ya ukingo wake wa juu. Piga msumari kwenye ubao huo, sentimita 15 juu ya ukingo na sentimita 30 kutoka kushoto. Funga uzi wa sentimita 40 na penseli, kisha chora tao. Ndani ya kanvasi litaonekana kama robo ya duara tu, likining'inia sentimita 25, na upande wa kushoto litakatwa na ukingo.

Usiingize duara zima. Toono nzima na miti yake yote katikati ya picha ni gurudumu la baiskeli, na hakuna rangi itakayoliokoa. Likikatwa, mtazamaji huhisi paa linaloendelea juu ya kichwa chake.

Weka alama tatu za mwanga. Ya kwanza sentimita 12 kutoka kushoto na 34 kutoka juu, ya pili 48 na 56, ya tatu 86 na 30. Ya pili iwe pana na ya mviringo zaidi, kama sentimita 18 kwa 11, kwa kuwa mwanga wa mchana hauvutiki sana. Ya kwanza na ya tatu ziwe ndefu na nyembamba, 14 kwa 6 au chini ya hapo. Ukizifanya tatu zote sawa, umechora mayai.

Kubandika na kushona feluti

Mahali pake ni chini, kuanzia sentimita 48 kutoka kushoto, ukingo wake ukigusa ukingo wa chini wa kanvasi. Doa la pili la mwanga litakanyaga mpaka wake, nusu kwenye feluti na nusu nje.

Weka ubao chini ya kanvasi, ndani ya fremu, ili isibonyee. Pakaa jeli nzito kwenye kanvasi, si kwenye feluti, unene wa milimita moja, na uache sentimita 1 bila jeli kuzunguka mpaka. Laza feluti, funika plastiki, weka ubao na uzito wa kilo 5 kwa saa 24. Jeli ikizidi itapenya sufu na kuacha madoa meusi magumu yasiyotoka. Ikikauka, shona kwa uzi wa kitani wenye nta, mishono ya sentimita 1, ukipenya mpaka nyuma ya kanvasi. Wamongolia hushona mazulia yao ya feluti, shirdeg, kwa mistari iliyojaa uso mzima. Wewe shona mistari sita au saba tu ya mkunjo, ikifuata tao la juu. Mishono hii ni michoro kamili, na pia ndiyo inayobeba uzito jeli ikichoka.

Giza, kisha mwanga

Changanya giza lako: ultramarini na kahawia sawa kwa sawa, na nyeupe kidogo mpaka liwe kijivu cha moshi. Paka nje ya tao, ukizunguka madoa ya mwanga bila kuyagusa. Rangi ikiwa bado mbichi, ndani ya dakika tano hadi kumi, buruta fungu la katani kutoka kwenye tao kuelekea nje ili okra ichungulie. Ukichelewa katani itateleza tu, na ukiwahi mno rangi itarudi na kufunika. Kwenye joto lenye unyevu la pwani rangi hukawia kukauka, na dakika hizo huongezeka. Bara penye upepo mkavu ni chache, kwa hiyo fanya kazi kwa vipande vya sentimita 30.

Rudia mara tatu, kila siku moja, kila mara ukipunguza nyeupe kadiri unavyoenda chini na pembeni. Kwenye feluti usipake giza kwa brashi iliyolowa. Tumia brashi kavu yenye rangi kidogo, ukigusa vilele vya nyuzi tu, na uliache doa la mwanga likiwa sufu tupu. Nyeupe ya sufu haifanani na nyeupe ya tyubu, na tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika kote huku. Nusu ya doa iliyo nje ya feluti ipake nyeupe yenye tone la okra, na ikubali isilingane.

Anga ndani ya tao

Mongolia iko juu, wastani wa mita 1,500 na zaidi, na hewa yake ni kavu, hivyo buluu ya anga ni nzito kuliko ile tunayoijua pwani. Ni buluu yenye heshima pia: Wamongolia husema "anga la buluu la milele", na khadag, skafu za hariri wanazofunga kwenye marundo ya mawe matakatifu yaitwayo ovoo, mara nyingi ni za rangi hiyo. Usikate khadag halisi ukabandika kwenye picha. Ni kitu cha ibada, si kitambaa.

Buluu ya namna hii haipatikani kwa tabaka moja nene. Kwanza funika ndani ya tao kwa nyeupe safi, tabaka mbili. Kisha weka tabaka za uwazi: sehemu moja ya ultramarini kwa midiamu nane, zipakwe kwa brashi laini, tano kwa jumla, kila moja baada ya iliyotangulia kukauka kabisa. Katika ya tatu na ya tano ongeza thalo, lakini kwa kipimo cha sehemu moja ya thalo kwa kumi za ultramarini, kwa sababu thalo ina nguvu za kumeza picha nzima. Karibu na ukingo wa tao punguza tabaka ziwe tatu tu, ili mwanga uonekane ukimwagika kuingia ndani.

Ikitokea mawingu ya maziwa, usiogope mapema: midiamu ikiwa mbichi ni nyeupe, subiri siku moja. Ikibaki na ukungu baada ya hapo, ulipaka juu ya tabaka lenye unyevu. Piga msasa mwepesi, rudia nyeupe, anza upya sehemu hiyo. Kurekebisha kwa kuongeza buluu huleta zulia la plastiki.

Kuna wanaotengeneza anga kwa unga wa buluu ya Prussia (PB27) juu ya ukuta au jeso ya chokaa. Chokaa huila rangi hiyo mpaka inageuka kahawia. Kwenye jeso ya akriliki haina shida hiyo, lakini ultramarini inakupa joto ambalo PB27 haina.

Miti ya paa

Katika ger nyingi miti hiyo hupakwa rangi ya machungwa au nyekundu. Changanya PR101 na okra kwa nusu, chovya ukingo wa kadi ngumu, gonga na uburute kidogo. Kila mstari uelekee kwenye ule msumari ulio nje ya kanvasi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanalenga katikati ya tao linaloonekana, na picha inageuka jua la mtoto wa chekechea. Rudisha ubao wenye msumari na utumie uzi kukagua.

Mistari saba inatosha. Wacha nafasi zisilingane, miwili ikatike njiani, mmoja upite juu ya mbavu ya fremu na kuendelea pembeni. Usiweke wa nane ili "kusawazisha".

Ukitaka chapa badala ya feluti

Chapa za moto za farasi, tamga, ni njia nyingine ya kusindikiza mwanga, hasa kama huna sufu. Kunja waya wa chuma wa milimita 4 uwe alama ya mistari isiyozidi mitano, kubwa kama kiganja. Tunga yako. Tamga ni alama ya umiliki wa familia, na kunakili ya watu ni sawa na kuchora picha kwa sahihi ya mtu mwingine. Pakaa jeli iliyochanganywa na mchanga laini, mchanga sehemu moja kwa jeli mbili, unene wa milimita 3. Subiri dakika 40, paka mafuta kidogo kwenye waya, kandamiza na uinue wima. Ikijifunga tena ni mapema. Ikipasuka kingo umechelewa. Mchanga wa baharini uoshe kwa maji baridi mara nne na uukaushe, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kutoa ukungu mweupe juu ya rangi miezi baadaye. Mchanga ukizidi nusu, unga utadondoka kila picha inapobebwa.

Kumaliza

Acha wiki nne. Kisha paka midiamu tabaka moja kama kinga, na baada ya siku mbili vanishi isiyong'aa tabaka mbili nyembamba, kwenye rangi tu. Ziba feluti kwa karatasi na mkanda kabla ya kuanza: sufu iliyopata vanishi hukakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani.

Kazi yenye feluti au mchanga haiviringishwi. Isafirishwe kwenye sanduku la mbao lenye nafasi ya sentimita 5 mbele ya uso. Ukutani ikae mbali na jua la moja kwa moja, na pwani iachiwe sentimita 2 nyuma yake hewa ipite, kwa sababu kuvu huanzia nyuma ya kanvasi, pale feluti iliposhonwa.

Kila baada ya miezi mitatu igeuze na ukague mishono.